Bei imepanda kwa nini? Namna ya kutafuta chanzo cha mfumuko wa bei Uganda

Nyanya zikipanda wiki hii pale soko la Kalerwe, Kampala, huo bado si mfumuko wa bei. Mfumuko ni pale bei za vitu vingi kwa pamoja, bidhaa na huduma, zinapopanda na kuendelea kupanda, hadi noti ileile inanunua kidogo kuliko mwaka jana. Anayepanga matumizi ya nyumba, anayeweka bei dukani na anayesaini mkataba wa mwaka mzima wote wanahitaji kuijua tofauti hii, kwa sababu kila chanzo cha kupanda kwa bei kina muda wake. Bei iliyopandishwa na ukame hushuka mavuno yakiingia. Iliyopandishwa na kodi ya serikali huruka mara moja na kubaki palepale. Iliyopandishwa na fedha nyingi kupita uwezo wa uchumi haishuki yenyewe.

Kwa hiyo kazi ni mbili: kwanza pima, halafu tafuta chanzo. Wengi huanza na ya pili, na ndiyo maana mabishano ya bei hayaishi.

Pima kapu lako kabla ya kulaumu mtu

Chukua daftari na uandike vitu 15 hadi 25 ambavyo nyumba yako hulipia kila mwezi: matoke, posho (unga wa mahindi), maharage, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, mkaa, umeme, maji, nauli ya teksi na boda boda, kodi ya nyumba, dawa, vocha ya simu, kinyozi. Andika bei ya kila kimoja siku ileile ya mwezi, kwa muuzaji yuleyule au soko lilelile. Miezi mitatu inatosha kuonyesha mwelekeo. Mwaka mzima ni bora zaidi, kwa kuwa utalinganisha Mei na Mei, si Mei na Januari.

Kosa kubwa hapa ni kuandika bei bila kipimo. Mkungu wa matoke hauna uzito maalumu, nyanya huuzwa kwa rundo, na maharage kwa kikombe cha tumpeko ambacho kinaweza kujazwa hadi kufurika au kupigwa sawasawa na ukingo. Rundo la nyanya likibaki shilingi 2,000 lakini nyanya zikapungua kutoka saba hadi tano, bei ya nyanya moja imepanda kwa asilimia 40, ingawa muuzaji hakubadilisha neno hata moja. Vivyo hivyo mche wa sabuni: ukitoka kilo moja hadi gramu 800 kwa bei ileile, umepanda kwa asilimia 25. Mizani ndogo ya jikoni hulimaliza tatizo hili. Usipokuwa nayo, hesabu vipande, na usome gramu zilizoandikwa kwenye karatasi ya mkate na pakiti ya unga.

Hesabu yenyewe ni fupi: bei mpya toa bei ya zamani, gawanya kwa bei ya zamani, zidisha kwa 100. Lakini usijumlishe asilimia za vitu vyote na kuzigawa kwa idadi yao. Chumvi ikipanda kwa asilimia 50 hutaanguka, ila kodi ya nyumba ikipanda kwa asilimia 50 utahama. Kila kitu kipewe uzito kulingana na sehemu yake katika matumizi yako.

Tuseme familia inatumia shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Chakula cha shambani kinachukua 350,000 na kimepanda kwa asilimia 12. Zidisha 0.35 kwa 12, upate 4.2. Vyakula vya kiwandani ni 120,000, vimepanda kwa asilimia 5: vinachangia 0.6. Mkaa na umeme ni 90,000, juu kwa asilimia 10: 0.9. Usafiri ni 140,000, juu kwa asilimia 15: 2.1. Kodi ya nyumba ni 200,000 na haijabadilika: sifuri. Mengineyo ni 100,000, juu kwa asilimia 2: 0.2. Jumla ni 8.0. Mfumuko wa familia hii ni asilimia 8, na 6.3 kati ya hizo zimetoka sehemu mbili tu, shambani na barabarani. Hapo tayari una dalili ya chanzo.

Soma takwimu za UBOS kwa mafungu, si kwa namba moja

UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, hutoa fahirisi ya bei za walaji, yaani namba inayopima bei za kapu zima la vitu, katika siku za mwisho za kila mwezi. Bei hukusanywa mijini, katika miji kama Kampala, Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu na Arua, na kulinganishwa na mwaka wa msingi wa 2016/17 ambao ulipewa namba 100. Redio husoma namba moja, ile ya jumla. Wewe tafuta mafungu matatu yaliyo chini yake.

Fungu la kwanza ni mazao ya chakula: matoke, mboga, matunda, maharage na kadhalika. La pili ni nishati na huduma zake: petroli, dizeli, mkaa, kuni, gesi, umeme, maji. La tatu ni mfumuko wa msingi, yaani vitu vingine vyote vilivyobaki baada ya kuyatoa mafungu hayo mawili, na ndilo kubwa kuliko yote, kwani linabeba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa kapu la taifa. Benki Kuu ya Uganda imejiwekea lengo la asilimia 5 kwa mfumuko huu wa msingi katika muda wa kati. Hailengi bei ya matoke, kwa sababu silaha yake ni riba, na hakuna riba inayoweza kuleta mvua.

Mafungu haya yanafanya kazi ya uchunguzi. La mazao likiruka peke yake, tazama mawingu. La nishati likiruka, tazama barabara ya Malaba, kwenye mpaka na Kenya, na soko la mafuta duniani. Fungu la msingi likianza kupanda mwezi baada ya mwezi, jambo ni zito zaidi: bei zinasukumana zenyewe. Angalia kwamba nauli ya teksi ipo ndani ya fungu la msingi, wakati petroli iliyoipandisha ipo kwenye nishati. Kwa hiyo mshtuko wa mafuta huanza fungu moja na kuhamia jingine baada ya muda.

Mtego mmoja wa kusoma takwimu hizi huwanasa hata waandishi wa habari. Fahirisi ikiwa 100 Januari ya mwaka wa kwanza, 120 ya mwaka wa pili na 126 ya mwaka wa tatu, mfumuko ulikuwa asilimia 20, kisha asilimia 5. Vichwa vya habari vitasema mfumuko umeshuka, na ni kweli. Lakini bei hazijashuka. Bado unalipa 126 kwa kilichokuwa 100. Mwananchi anayesema maisha ni magumu na mtaalamu anayesema mfumuko umepungua, wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Swali la kwanza: ni msimu?

Kusini na katikati ya nchi kuna mvua mbili, takriban Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Karamoja na sehemu kubwa ya kaskazini hutegemea msimu mmoja mrefu. Bei ya mahindi na maharage huwa juu wiki za mwisho kabla ya mavuno na hushuka mavuno ya Juni na Julai yakiingia, halafu tena yale ya mwisho wa mwaka. Kupanda kwa bei mwezi Mei pekee hakukuambii kitu. Linganisha na Mei iliyopita: kama tofauti ni ndogo, huo ni mwendo wa kawaida wa msimu.

Mipaka nayo ina sauti. Nafaka za Uganda hununuliwa Kenya na Sudan Kusini, kupitia Busia, Malaba na Elegu. Wanunuzi wa ng'ambo wakija na dola nyingi, bei ya ndani hupanda hata kama mavuno yalikuwa mazuri. Wakizuiwa, hushuka. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingizwa kwa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na mkulima wa Uganda akabaki na soko jembamba. Kwa hiyo uliza wafanyabiashara wa magunia: malori yanaelekea wapi wiki hii?

Swali la pili: ni mafuta na njia ya Mombasa?

Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya petroli na dizeli yake hupitia Kenya, kisha huvuka mpaka kwa malori. Bei ya pampu kwa hiyo ina tabaka kadhaa: bei ya dunia, kiwango cha dola, gharama ya njia, ushuru, na faida ya muuzaji. Bei ya dunia inaweza kutulia huku pampu ikipanda kwa sababu ya tabaka jingine. Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya lazima vya korona na malipo yake, foleni zikarefuka kwa kilomita nyingi, na mafuta yakaadimika nchini. Wakati huo bei ya dunia ilikuwa haijafikia kilele ilichofika baada ya vita vya Ukraine kuanza mwezi uliofuata.

Kinachosumbua watu ni kwamba nauli hupanda haraka na kushuka polepole, au haishuki kabisa. Dereva amepata pia vipuri, tairi na matumizi ya nyumbani vilivyopanda wakati huohuo, na hakuna abiria mmoja mwenye nguvu ya kumlazimisha arudishe bei ya zamani. Ukiweka bajeti, chukulia kwamba nauli iliyopanda imepanda, hadi uone ushindani ukiishusha kwenye njia yako.

Swali la tatu: ni dola, au ni bei ya dunia yenyewe?

Haya mawili huchanganywa. Kifaa cha dola 10 kinagharimu shilingi 36,000 dola ikiwa 3,600, na shilingi 39,000 ikifika 3,900. Ongezeko ni asilimia 8.3. Lakini bei ya dukani haipaswi kupanda kwa asilimia 8.3 nzima, kwa sababu ndani yake kuna pango, mishahara na usafiri wa ndani vinavyolipwa kwa shilingi. Kama gharama ya kuagiza ni asilimia 60 ya bei ya duka, zidisha 0.6 kwa 8.3, upate takriban asilimia 5. Hesabu hii ni silaha nzuri unapojadiliana na msambazaji anayedai kupandisha kwa asilimia 15 "kwa sababu ya dola".

Kutofautisha dola na bei ya dunia, tazama upana. Shilingi ikidhoofika, vitu vyote vya nje husogea: dawa, vipuri, simu, mitumba, ngano. Bei ya dunia ya kitu kimoja ikipanda, jamaa zake tu ndio husogea. Mwaka 2022 sabuni na mafuta ya kupikia vilipanda kwa pamoja kwa sababu vyote viwili hutegemea mawese. Mafuta ya alizeti ya Ukraine yalikwama kwa vita, na Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese duniani, ikazuia kuyauza nje kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei mwaka huo. Mama wa nyumbani kule Kasese alilipia uamuzi uliofanyika Jakarta, na hakuna lawama aliyostahili muuza duka wa mtaani kwake.

Umeme una njia yake ya kuupokea mshtuko wa dola. Mamlaka ya udhibiti wa umeme hupitia viwango kila robo mwaka, na katika hesabu zake huzingatia kiwango cha kubadilisha fedha na bei ya mafuta. Kwa hiyo athari inaweza kuchelewa miezi mitatu kabla ya kufika kwenye mita yako.

Swali la nne: ni kodi ya serikali?

Hili ni rahisi kulijua. Bajeti husomwa Juni na mabadiliko ya kodi huanza tarehe 1 Julai. Kwa mfano, mwaka wa fedha 2024/25 uliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Kodi mpya husababisha mruko mmoja, kisha baada ya miezi 12 mruko huo hutoka kwenye hesabu ya mwaka. Ukiona bei imeruka Julai na kutulia, usiendelee kutafuta.

Swali la tano, ambalo ndilo la hatari: ni fedha zenyewe?

Misimu, mafuta na dola huweza kuinua bei, lakini mfumuko wa miaka mingi unahitaji fedha za kuulisha. Serikali inapotumia zaidi ya inachokusanya na kukopa Benki Kuu kuziba pengo, shilingi mpya huingia sokoni bila kilo moja ya ziada ya mchele au sukari. Wanunuzi wenye fedha zaidi hugombania bidhaa zilezile.

Uganda inalijua hili kwa uchungu. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, viwanda na mtandao wa biashara vilisambaratika, na bidhaa kama sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Serikali iliweka bei rasmi, lakini bidhaa zilikimbilia magendo, ambako bei ilikuwa ile ambayo mtu yuko tayari kulipa. Katikati ya miaka ya 1980 mfumuko ulifika tarakimu tatu. Mei 1987 serikali ilibadilisha sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu ya hapo. Haikutosha, kwa kuwa kukopa Benki Kuu kuliendelea, na mwaka uliofuata mfumuko ulikuwa bado wa tarakimu tatu. Kilichoukata ni nidhamu ya mwaka 1992, pale Wizara ya Fedha ilipounganishwa na ile ya Mipango na serikali ikaanza kutumia kulingana na fedha zilizokusanywa. Ndani ya takriban mwaka mmoja mfumuko ulishuka hadi tarakimu moja. Katiba ya 1995 kisha ikaweka wazi kwamba Benki Kuu haitapokea amri ya mtu wala mamlaka yoyote katika kazi yake.

Dalili za chanzo hiki ni upana na ukaidi. Hupanda hata vitu visivyohusiana na mvua, mafuta wala dola: kinyozi, fundi cherehani, ada, pango, chakula cha hotelini. Mikopo ya benki inakua kwa kasi. Viwanja vinauzwa kabla ya tangazo kukauka wino.

Mwaka 2011 ni mfano wa vyanzo vilivyokutana. Kulikuwa na ukame Afrika Mashariki, mafuta ghali duniani, shilingi iliyopita 2,800 kwa dola mwezi Septemba, matumizi makubwa ya serikali kuelekea uchaguzi wa Februari, na mikopo iliyokua mno. Oktoba mfumuko wa jumla ulipita asilimia 30, na ule wa msingi ukapanda sambamba, jambo ambalo ukame peke yake usingeweza kulifanya. Benki Kuu, iliyokuwa imeanzisha riba yake elekezi, ile inayoongoza riba za mabenki, Julai kwa asilimia 13, iliipandisha hadi 23 Novemba. Dawa ilikuwa kali: riba za mikopo ya kibiashara zilipita asilimia 25 na wafanyabiashara wengi waliumia. Lakini kufikia mwisho wa 2012 mfumuko ulikuwa umerudi tarakimu moja. Mwaka 2022 chanzo kikubwa kilitoka nje, kilele kikawa asilimia 10.7 Oktoba, na riba ilipandishwa kutoka 6.5 hadi 10 tu.

Kuna kichocheo kimoja kinachofuata hivi vyote: matarajio. Mwenye nyumba akiamini kwamba bei zitapanda kwa asilimia 15, ataandika asilimia 15 kwenye mkataba mpya leo, na imani yake itatimia. Hii ndiyo sababu Benki Kuu hueleza uamuzi wake hadharani kila mara inapotangaza riba.

Na uroho wa wafanyabiashara? Upo, hasa mahali penye muuzaji mmoja au wawili. Lakini tamaa haipandi Oktoba na kupungua Februari. Ulizia kilichobadilika: ushindani, ghala lililofungwa, barabara iliyokatika. Kuficha mali hufanya uhaba uwe mbaya zaidi, ila mara nyingi uhaba huwa umekwishaanza.

Ukishajua chanzo, fanya hivi

Kama ni msimu, nunua wakati wa mavuno na uhifadhi, mradi nafaka imekauka. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Bila kipimo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika mbili au tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi na yataota ukungu.

Kama ni dola, usinunue kwa hofu siku ya kilele. Gawa manunuzi yako mara tatu au nne. Kama una mkataba wa kuuza kwa shilingi bidhaa unazoagiza kwa dola, andika kifungu kinachoruhusu bei kupitiwa upya kiwango cha dola kikisogea zaidi ya asilimia 5.

Kama fungu la msingi limepanda miezi mitatu mfululizo, jiandae kwa riba kupanda. Mkopo wa riba inayobadilika utakuwa mzito, basi omba riba isiyobadilika mapema au punguza deni. Fedha zilizolala kwenye akaunti isiyo na riba zinaliwa. Dhamana za serikali za siku 91, 182 na 364 zinapatikana kuanzia shilingi 100,000 kupitia benki ya biashara, lakini fanya hesabu hadi mwisho: ikiwa riba ni asilimia 10, kodi ya zuio (inayokatwa kwenye riba kabla hujalipwa) ya asilimia 20 inabakiza 8, na mfumuko ukiwa 4, faida yako halisi ni takriban asilimia 4. Tumia mfumuko wa kapu lako mwenyewe katika hesabu hiyo. Familia ya mfano wetu wa hapo juu, yenye mfumuko wa asilimia 8, ingebaki na sifuri.